Barua ya wazi: Tutendeeni walau kama mabaharia

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Kazi, pamoja na wajumbe wa serikali, wa waajiri na wa wafanyakazi mnaokutana Geneva kila Juni katika Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, ulio mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani.

YAH: VIJANA TUNAOFANYA KAZI YA KUVUKA MIPAKA BILA MWAJIRI ANAYEJULIKANA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nawaandikia hadharani baada ya kuandika faraghani mpaka nikaishiwa anwani za kuandikia.

Niwaeleze kwanza yaliyonikuta. Kwa miezi kumi na mmoja nilifanya kazi kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Naletewa picha, nachora mstari kuzunguka kila kilichomo, gari, mtu, mti, hata kivuli cha mti, kisha nakiandikia jina. Picha hizo zinakwenda kufundishia mashine. Asubuhi moja nikawasha kompyuta nikakuta akaunti yangu imefungwa kwa "kukiuka masharti". Sharti lipi, hawakusema. Ndani ya akaunti hiyo yalikuwamo malipo ya wiki tano, ya kazi iliyokwisha kukaguliwa na kupokelewa.

Nikaandika kwa kitengo cha huduma kwa wateja, maana hakuna kitengo kingine. (Ndiyo, mimi niliyefanya kazi ndiye "mteja".) Nilijibiwa mara tisa, na mara zote tisa ni programu iliyonijibu, kwa maneno yaleyale. Nikaenda ofisi ya kazi. Afisa alinipokea vizuri, sina la kumlaumu, akanipa fomu ya malalamiko. Kisanduku cha kwanza ni jina la mlalamikaji, cha pili anwani yake, cha tatu jina la mwajiri na mahali alipo. Tukabaki mimi naye tunakitazama kile kisanduku cha tatu. Jukwaa limesajiliwa nchi moja. Masharti yake yanasema sheria inayotumika ni ya nchi nyingine. Anayetuma fedha ni kampuni iliyoko nchi ya tatu. Na yule aliyezitaka picha zile, ambaye ndiye mwenye kazi hasa, sikuwahi kumjua hata kwa jina. Mwishowe afisa akaniambia, "Ndugu yangu, hii siwezi kuipokea. Haina wa kumpelekea."

Nikaandika wizarani mara mbili, sikujibiwa. Mwaka ule barua ya serikali iliyonifikia ilikuwa moja tu, na ilihusu kodi.

Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Ndiyo maana nimetoka majini nilie nchi kavu.

Kabla sijaanza kuhesabu malalamiko, niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wanaotaka dunia ifungwe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: utandawazi umenipa kazi wakati hakuna aliyekuwa akinipa. Kompyuta ninayoandikia barua hii niliinunua kwa fedha za picha zilezile. Tangu meli iitwayo Ideal X ilipoondoka Newark na makontena 58 mnamo Aprili 1956, kupeleka bidhaa mbali kumekuwa rahisi kiasi kwamba kiwanda hakilazimiki tena kukaa jirani na mnunuzi wake, na mamilioni ya wasichana wamepata mshahara wao wa kwanza kwenye viwanda vya nguo kwa sababu hiyo. Intaneti ikaja ikafanya vivyo hivyo kwa kazi za mezani. Ninacholalamikia ni kwamba kazi imevuka mpaka, lakini wajibu wa mwenye kazi umeachwa ng'ambo. Haya yafuatayo ni matawi ya shina hilo.

1. Mwajiri wetu hana jina.

Mfumo mzima wa sheria za kazi umejengwa juu ya watu wawili wanaofahamiana: aliyeajiri na aliyeajiriwa. Likizo, bima, pensheni, notisi ya kuachishwa, haki ya kujiunga na chama, vyote hivyo vinasimama pale ambapo mtu mmoja anaweza kumnyooshea kidole mwingine akasema, "Huyu ndiye mwajiri wangu." Ukimwondoa mmoja, jengo zima halina nguzo.

Na ameondolewa kweli. Masharti ninayobonyeza "nakubali" yananiita mkandarasi huru, mshirika, mtumiaji, hata mwanajumuiya. Mfanyakazi sijawahi kuitwa. Lakini mkandarasi huru gani asiyeweza kutaja bei yake, asiyeweza kumjua mteja wake, anayehesabiwa dakika, anayepewa alama na programu na kufukuzwa na programu? Fundi anayejitegemea hupatana bei na mwenye nyumba. Mimi bei naikuta imeandikwa, na ikishuka usiku nikiwa nimelala naikuta imeshuka.

Tena si kazi ndogo tuifanyayo. Hifadhi ya picha iitwayo ImageNet, ambayo imechangia sana kuwafikisha wataalamu wa akili bandia hapa walipo, ina picha zaidi ya milioni 14. Waliokaa kuzitenga na kuzipa majina kati ya 2007 na 2010 ni watu wapatao 49,000 kutoka nchi 167, waliopatikana kupitia jukwaa la Amazon Mechanical Turk. Nchi 167! Hakuna kiwanda duniani kilichowahi kukusanya watu wa nchi nyingi hivyo chini ya paa moja. Na paa lenyewe halikuwapo.

2. Bei yetu inashindanishwa na dunia nzima, na saa zetu nyingi hazihesabiwi.

Hapa sihitaji kuwaletea ushahidi wangu, wenu unatosha. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2021 ilikuta kwamba wanaofanya kazi kwenye majukwaa ya mtandaoni hupata wastani wa dola 3.4 kwa saa, na nusu yao hawafikishi dola 2.1. Ripoti hiyohiyo ilikuta kwamba karibu theluthi moja ya muda wao hauna malipo: ni muda wa kutafuta kazi, kufanya majaribio, kusoma maelekezo na kungojea.

Kungojea ndiko kunakochosha kuliko kazi. Kazi hutokea saa yoyote, na ikitokea huchukuliwa na wa kwanza kubonyeza. Kwa hiyo unalala na simu kifuani. Nimefanya hivyo miezi kumi na mmoja. Mtu akiniuliza nilikuwa nikifanya kazi saa ngapi kwa siku, sijui nimjibu nini. Nihesabu zile nne nilizolipwa, au zile kumi na sita nilizokuwa macho?

3. Tukidhulumiwa, mahakama iko ng'ambo.

Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua shauri la dereva mmoja wa Ontario aliyekuwa akisambaza chakula kupitia Uber. Mkataba wake ulimtaka apeleke mgogoro wowote kwenye usuluhishi nchini Uholanzi, na ada za kuanzia tu zilikuwa dola 14,500 za Marekani. Mtu anayelipwa kwa kila mfuko wa chakula anaoufikisha mlangoni, atoe dola 14,500 ndipo asikilizwe! Majaji waliliona sharti hilo kuwa la kionevu, wakalitengua. Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ikaamua kwamba madereva waliofungua shauri dhidi ya kampuni hiyohiyo ni wafanyakazi, wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo.

Nilizifurahia hukumu hizo, kisha nikazisoma tena. Dereva ana bahati moja ambayo mimi sina. Gari lake lina magurudumu, na magurudumu yanakanyaga barabara ya nchi fulani yenye mahakama yake. Kazi yangu haikanyagi popote. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo kuhusu kazi za majukwaa, na ndani yake mna mambo mazuri sana: kufunga akaunti ya mtu kuamuliwe na binadamu, na mfanyakazi apewe maelezo kwa maandishi. Lakini agizo hilo linamlinda anayefanyia kazi yake ndani ya Umoja. Aliyekaa nje, akiwatumikia wateja walioko ndani, halimhusu. Picha zangu zinaingia Ulaya bila kuulizwa, na ulinzi wa Ulaya hautoki kuja kwangu.

4. Kazi za kuanzia zinatoweka.

Kila mzee ninayemjua alianza kwa kazi fulani duni ya ofisini: kupanga mafaili, kuandika barua za watu, kujibu simu, kukagua hesabu za jana. Zilikuwa kazi za kuchosha, lakini ndizo zilizomfundisha mtu ofisi inavyokwenda na kumweka mahali ambapo mkubwa wake anaweza kumwona. Sasa kazi hizo ndizo za kwanza kupelekwa kwenye vituo vya simu vya mbali, au kukatwa vipandevipande zikagawiwa kwenye majukwaa, na siku hizi kupewa mashine tulizozifundisha sisi wenyewe. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu wa wapi? Miezi yangu kumi na mmoja haina barua ya utambulisho, haina msimamizi wa kumpigia simu, na nyota nilizopata haziwezi kuhama na mimi kwenda jukwaa jingine.

Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, shabaha ya 8.6, mliahidi kwamba ifikapo 2020 mtapunguza kwa kiasi kikubwa idadi ya vijana wasio kazini, wasio shuleni na wasio mafunzoni. Mwaka 2023 walikuwa bado kijana mmoja kati ya watano duniani, na theluthi mbili kati yao ni wasichana. Mwaka wa ahadi umepita bila mtu kuomba radhi. Na hapo hatujawagusa wale wanaohesabiwa kuwa "kazini" kwa kuwa wiki iliyopita walipata saa moja ya kibarua.

5. Kazi inasafiri, sisi hatusafiri.

Mkataba wa biashara ya huduma ulioanza kazi pamoja na Shirika la Biashara Duniani mwaka 1995 unataja njia nne za kuuza huduma nje ya nchi. Ya nne ni mtu mwenyewe kwenda. Ndiyo ambayo nchi nyingi zimeibana kuliko zote. Mtaji unapita, data inapita, kontena linapita. Kijana anakwama dirishani kwa mwenye viza.

Kwa sababu hiyo wengi wetu huangukia mikononi mwa mawakala. Mkataba wenu namba 181 wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala wa ajira asimtoze mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka. Ukweli ni kwamba vijana wanaondoka kwao na deni la wakala, wanafika ng'ambo na pasi zao za kusafiria zimeshikwa na mtu mwingine, na mwaka wa kwanza mzima ni wa kulipa deni. Hili lingehitaji barua yake. Nimeligusa tu ili mjue kwamba anayefanya kazi chumbani kwake na anayeivukia bahari wana lalamiko moja: wote wawili hawana pa kumshitakia mwajiri wao.

6. Hatumo ukumbini mnamokutana.

Kila nchi hupeleka Geneva wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi. Ni utaratibu wa tangu 1919 na nauheshimu. Lakini mjumbe wa wafanyakazi hutoka kwenye vyama, vyama hutoka mahali pa kazi, na sisi hatuna mahali pa kazi. Mimi sikuwahi kukutana na mwenzangu hata mmoja kati ya wale tuliochora naye picha.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayonipa, maana baadhi nimekwisha kuyasikia kwenye madirisha ya ofisi.

Mtasema mtandao hauna nchi, na sheria ni za nchi. Lakini kwenye kodi mliweza. Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe kodi isiyopungua asilimia 15, popote zilipojisajili. Mlikaa mkahesabu faida ya kampuni imetoka wapi, soko lake liko wapi, na kila nchi ipate nini. Ikiwa faida inaweza kufuatwa ng'ambo ya mpaka, kwa nini mshahara usifuatwe?

Mtasema mnyororo ni mrefu, mwenye chapa hawezi kumjua kila mtu aliye chini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikisemwa kuhusu nguo, mpaka tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh, lenye viwanda vya nguo ndani yake, lilipoanguka na kuua watu 1,134, wengi wao wasichana. Katika wiki chache tu kampuni za nguo zikatia saini makubaliano ya usalama yenye nguvu ya kisheria, ya kukagua viwanda ambavyo si mali yao. Kumbe mnyororo uliweza kufuatwa tangu awali. Ufaransa nayo mwaka 2017 ilitunga sheria inayozidai kampuni zake kubwa kuwa macho juu ya wanaozifanyia kazi hata katika nchi nyingine. Nisingependa tungojee jengo la mtandaoni lianguke, kwa sababu lenyewe halitoi kishindo.

Mtasema hii ni kazi ya ziada, vijana wanapenda uhuru wake. Wako wanaoipenda, ni kweli, na wapo wanaoifanya wakiwa na mshahara mahali pengine. Hao wanaweza kuacha leo. Sheria ya kazi haitungwi kwa ajili ya anayeweza kuacha.

Na jibu kubwa kuliko yote, ambalo mawaziri wengi mnaliamini kwa moyo: tukiwabana, watahama. Hapa naomba mnisikilize kwa utulivu, kwa sababu hofu hii si ya uongo. Nchi moja ikipandisha masharti peke yake, jukwaa linaweza kweli kuwafuta wafanyakazi wa nchi hiyo kwa kubonyeza mara moja. Kijana wa nchi hiyo hapati haki wala kazi. Nami nimewaona wenzangu wa mtandaoni wakiomba serikali zao zisiingilie, kwa hofu hiyohiyo.

Lakini tatizo hili si jipya, na nyie wenyewe mlikwisha kulitatua mara moja. Mlilitatua baharini.

Kabla yetu alikuwapo baharia. Meli ni ya tajiri wa nchi moja, imesajiliwa Panama au Liberia au Visiwa vya Marshall kwa kuwa huko masharti ni mepesi, mabaharia wametolewa nchi tano kupitia wakala wa nchi ya sita, na mzigo ni wa watu wengine kabisa. Akidhulumiwa katikati ya bahari, amshitaki nani, wapi? Ni kisanduku changu cha tatu, chenye maji kila upande. Na hofu ilikuwa ileile: mwenye bendera, yaani nchi meli iliposajiliwa, akibana, meli zinahamia bendera nyingine.

Mwaka 2006, hapohapo Geneva, serikali, wenye meli na mabaharia mkaandika Mkataba wa Kazi za Baharini, ukaanza kufanya kazi Agosti 2013. Mkataba huo haukumwachia mwenye bendera peke yake. Mlisema bandari yoyote ya nchi iliyouridhia inaweza kupandisha mkaguzi melini, akaangalia mikataba ya ajira, malipo, chakula na mahali pa kulala, na akiona ukiukaji mkubwa aizuie meli isiondoke mpaka ukarekebishwa. Mkaongeza sharti ambalo mimi naliona ni la busara kuliko yote: meli ya nchi ambayo haijauridhia mkataba isipate nafuu kuliko meli ya nchi iliyouridhia. Kwa sharti hilo moja, kukimbilia bendera nyingine kukapungua faida. Meli inaweza kuhama bendera, lakini haiwezi kuhama bandari, kwa sababu mzigo uko bandarini. Mkafika hata kudai kwamba kila meli iwe na dhamana ya fedha, ili baharia akitelekezwa alipwe mishahara yake ya hadi miezi minne na kurudishwa kwao. Na baharia ndiye mfanyakazi pekee duniani ambaye mnamkalia kikao kumpangia kima cha chini cha mshahara cha kimataifa.

Sisemi mabaharia sasa wako peponi. Wanatelekezwa bado, kila mwaka. Lakini baharia aliyetelekezwa ana karatasi ya kushika na mlango wa kubisha.

Majukwaa nayo yana bandari zake. Bandari yao ni mteja. Wanaweza kunihama mimi, wanaweza kuhamisha usajili wao kesho asubuhi, lakini hawawezi kuwahama wanunuzi wakubwa wa kazi zao, nao wako katika nchi zinazojulikana, zenye wakaguzi na mahakama.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni haya.

Kwanza, Juni 2025 mliamua kwamba chombo mnachokitunga kuhusu kazi za majukwaa kiwe mkataba pamoja na pendekezo, na mjadala wa pili mkaupangia 2026. Naomba ndani yake, au kando yake ikibidi, liwekwe sharti la bandari: nchi aliko mfanyakazi na nchi aliko mnunuzi wa kazi, zote mbili ziwe na mamlaka ya kulikagua jukwaa na kulizuia kuuza huduma pale linapokiuka, na jukwaa lililosajiliwa nchi isiyoridhia lisipate nafuu.

Pili, uridhiwe. Nasema hivi kwa sababu upo Mkataba namba 177 wa mwaka 1996 kuhusu kazi za majumbani, yaani za watu wanaofanyia kazi nyumbani kwao kwa ajili ya mwajiri. Ungeweza kutusaidia wengi wetu, lakini nchi zilizouridhia hazifiki ishirini. Mnaweza mkitaka: mkataba dhidi ya aina mbaya kabisa za ajira ya watoto, namba 182, uliridhiwa na wanachama wote 187 ilipofika Agosti 2020. Naomba kila waziri atakayeupigia kura ya ndiyo mkataba wa majukwaa atangaze palepale ukumbini ni lini ataupeleka bungeni kwake.

Tatu, dhamana. Jukwaa liweke fedha za kulipia miezi minne ya kazi, kama meli. Kazi iliyokwisha kupokelewa ilipwe hata kama akaunti imefungwa kwa haki, maana kosa langu, kama lipo, halifuti picha nilizochora na zilizokwisha kuuzwa. Na anayefungiwa aambiwe sharti alilovunja na apewe binadamu wa kumkatia rufaa.

Nne, kila nchi iandike kwenye fomu yake ya malalamiko mahali pa kujaza jina la jukwaa, na mwajiri akikosekana, jukwaa lihesabiwe ndiye mwajiri mpaka lenyewe lithibitishe vinginevyo. Hili halihitaji mkutano wa Geneva. Waziri anaweza kulianzisha kwa waraka.

Tano, kiti. Sijui kitapatikana vipi ndani ya utaratibu wa wajumbe wanne, na sitaki kumpokonya mtu nafasi yake. Anzeni kwa kutuita tutoe ushahidi.

Mwaka 1944, kwenye Azimio la Philadelphia, waliowatangulia waliandika kwamba kazi si bidhaa. Naomba jibu la maandishi kabla ya mkutano wa Juni ijayo, hata likiwa la kukataa, mradi limetiwa saini na mtu.

Fomu ya malalamiko ninayo bado. Nimekwisha kujaza visanduku vyote isipokuwa cha tatu, na yule afisa aliniambia nikipata cha kuandika hapo niirudishe, yeye ataipokea.

Ndimi kwa heshima,

Mfanyakazi wa mtandaoni, miaka 27, akaunti imefungwa